Tovuti ya WordPress, Joomla au Drupal isiyoogopwa kuguswa: mwongozo kamili wa kuirahisisha na kuipandisha toleo

Ukifungua dashibodi ya tovuti iliyoachwa miezi kadhaa, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kile kiduara chekundu chenye namba ya masasisho yanayosubiri. 17. 23. Kila anayeingia anakiona, na kila anayeingia anajifanya hakukiona, kwa sababu wote wanakumbuka siku mtu alipobofya "Sasisha" na tovuti nzima ikabaki ukurasa mweupe. Tangu siku hiyo kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: usiguse.

Nimerithi tovuti za namna hii si mara moja. Toleo jipya ndilo hutwishwa lawama, lakini ukichimba unakuta tatizo liko kwenye vitu tulivyovichomeka wenyewe: programu-jalizi (plugin, kipande kinachoongeza kazi kwenye tovuti) isiyo na mwenyewe, faili ya kiini (core, mfumo wenyewe) iliyohaririwa kwa haraka, mandhari (theme, inayobeba mwonekano) iliyonunuliwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Vitu hivyohivyo ndivyo vinavyowachosha wanaoandika kila siku, wanaokabiliana na menyu ndefu upande wa kushoto na mabango ya matangazo kila wakifungua ukurasa. Kwa hiyo nitayashughulikia mambo haya mawili kwa pamoja, urahisi wa kutumia na urahisi wa kupandisha toleo. Kazi nyingi utakayoifanya kwa ajili ya moja inalipa deni la lingine.

WordPress, Joomla na Drupal zote ni mifumo ya msimbo huria ya kuendesha tovuti. Mifano mingi itakuwa ya WordPress kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi. Joomla na Drupal nitazitaja pale zinapotofautiana. Joomla, tukiwa hapo, ilichukua jina lake kwenye Kiswahili chetu: waliojitenga na mradi wa mfumo uitwao Mambo mwaka 2005 walitaka neno lenye maana ya "wote pamoja" wakaokota "jumla". Tahajia tu ndiyo iliyopinda njiani.

Hatua ya 1: Orodhesha kilichomo

Kabla hujagusa chochote, jua una nini. Andika toleo la mfumo, toleo la PHP (lugha ya programu ambayo mifumo hii imeandikwa), toleo la hifadhidata, mandhari inayotumika, kisha kila programu-jalizi kwa jina lake. Kwenye WordPress taarifa hizi ziko chini ya Zana, kwenye ukurasa wa Afya ya Tovuti. Drupal wanazo kwenye ripoti ya hali, na Joomla kwenye taarifa za mfumo. Kama unaweza kuingia kwenye seva kwa terminali, WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri) inazitoa upesi zaidi:

wp core version --extra
wp plugin list

Mbele ya kila programu-jalizi andika inafanya nini, nani anaihitaji, na nini kitavunjika ikiondolewa. Hilo la tatu ndilo gumu. Usilijaze kwa kubahatisha. Weka alama ya kuuliza uendelee. Kwenye tovuti moja niliyoipokea kulikuwa na programu-jalizi 31, na 14 zilibaki na alama ya kuuliza hata baada ya kumhoji kila aliyewahi kushika nenosiri la msimamizi.

Kisha hakikisha faili zenyewe ni zilezile zilizotolewa na mradi:

wp core verify-checksums
wp plugin verify-checksums --all

Amri hizi hulinganisha faili zako na zile zilizochapishwa rasmi. Ya pili haizijui programu-jalizi za kulipia, kwa hiyo usishtuke zikikosa jibu. Faili ya kiini ikitofautiana, ama mwenzenu aliihariri, ama kuna mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Chunguza ni lipi kati ya hayo kabla ya kusonga mbele. Kusasisha kutaifuta kazi ya mwenzenu bila kuuliza, ilhali faili za ziada alizopandikiza mgeni zinaweza kubaki palepale.

Hatua ya 2: Tenganisha chako na chao

Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Mfumo wa msimbo huria unakupa haki ya kubadili kila mstari, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwenye WordPress, folda za wp-admin na wp-includes hubadilishwa zote toleo jipya linapoingia. Watu husema wp-content ni yako, lakini hilo ni kweli nusu tu: ndani yake, folda ya kila programu-jalizi na kila mandhari hufutwa na kuandikwa upya inaposasishwa. Drupal wamelichora jambo hili wazi zaidi. Kuna core, kuna modules/contrib kwa moduli (programu-jalizi za Drupal) za watu wengine, na kuna modules/custom kwa zako. Mtu akiweka kitu pasipostahili, kinaonekana.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadili urefu wa muhtasari wa makala kwa kuhariri functions.php ya mandhari iliyopakuliwa. Mstari mmoja tu. Ukafanya kazi, nikasahau. Miezi mingi baadaye mandhari ikajisasisha usiku, na asubuhi mhariri akanipigia simu: "Tovuti imenenepa." Kweli, kila muhtasari kwenye ukurasa wa mbele ulikuwa umerudi kwenye maneno 55, ambayo ndiyo kawaida ya WordPress. Nilipoteza saa mbili nikisaka kosa kwenye toleo jipya la mandhari, wakati kosa lilikuwa langu na lilikuwa limeshafutwa, hata ushahidi haukuwapo.

Mahali sahihi pa mstari ule ni faili yako mwenyewe. Tengeneza folda wp-content/mu-plugins, na ndani yake faili ziada.php:

<?php
/* Plugin Name: Ziada za tovuti yetu */
// Muhtasari mfupi ukurasa wa mbele, kwa ombi la wahariri.
add_filter( 'excerpt_length', function () {
    return 30;
} );

Faili zilizo kwenye mu-plugins hupakiwa zenyewe, hazizimiki kwa bahati mbaya kutoka dashibodini, na hakuna toleo jipya linalozigusa. Angalia ule mstari wa maoni. Baada ya miaka miwili ndio utakaomweleza mwingine, au wewe mwenyewe, kwa nini 30 na si 40.

Kwa mwonekano, tumia mandhari-mtoto: folda ndogo inayorithi kila kitu kutoka mandhari kuu, ikabadili kile tu unachotaka. Hapa kuna mtego. Watu hunakili violezo vyote vya mandhari kuu kwenda kwa mtoto "ili viwepo". Kila faili uliyoinakili imeganda tarehe ile. Mandhari kuu ikirekebisha kosa la usalama humo, wewe hupati. Nakili kile tu unachokibadili. Joomla wana utaratibu unaofanana, wa kuweka vibadala kwenye folda ya html ndani ya kiolezo (ndivyo wanavyoiita mandhari), na tangu Joomla 4 ya mwaka 2021 mfumo unakujulisha faili ya asili inapobadilika ili ulinganishe na kibadala chako. Ni msaada mkubwa kuliko unavyosikika.

Ukimaliza, funga mlango nyuma yako. Kwenye wp-config.php weka:

define( 'DISALLOW_FILE_EDIT', true );

Kihariri cha faili ndani ya dashibodi kitatoweka, na pamoja nacho kishawishi cha kurekebisha "haraka haraka" saa tano usiku. Faili zako zote ziweke kwenye Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko. Iache nje wp-config.php, maana imebeba nenosiri la hifadhidata.

Hatua ya 3: Ondoa

Kuzima programu-jalizi hakutoshi. Faili zake zinabaki kwenye seva, na kama zina tundu, tundu linaweza kufikiwa hata ikiwa imezimwa. Isiyotumika ifutwe.

Kabla ya kufuta, angalia kama imeacha alama ndani ya maandishi. Programu-jalizi ya picha zinazopishana, kwa mfano, huacha vifupisho kama [slider id="4"] katikati ya makala. Ukiifuta, wasomaji wataviona hivyo hivyo na mabano yake. Vitafute kwanza:

wp db search '[slider' wp_posts

(Kama viambishi vya majedwali yako si wp_, badilisha jina la jedwali.) Hesabu vilipo, virekebishe kwa mkono kama ni vichache, ndipo ufute.

Zinazobaki zipime. Ilisasishwa lini mara ya mwisho? Saraka ya WordPress huweka onyo juu ya programu-jalizi ambayo haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni. Onyo hilo peke yake si hukumu, kwani kijiprogramu cha mistari 40 kinaweza kukaa miaka bila kuhitaji mabadiliko. Lakini programu-jalizi ya fomu au ya malipo yenye onyo hilo, mimi naitafutia mbadala wiki hiyohiyo. Jihadhari pia na zile zinazofanya mambo 20 wakati wewe unahitaji moja. Kila moja kati ya yale 19 ni sababu ya ziada ya kuvunjika siku ya kusasisha.

Hatua ya 4: Kaa kando ya anayeandika

Wataalamu wengi huruka hatua hii, au huifanya kwa kubuni mezani kwao. Usibuni. Kaa kando ya mtu anayechapisha kila wiki, mwombe achapishe makala moja kama kawaida yake, nawe ufunge mdomo. Utataka kusema "bofya pale". Jizuie.

Mhariri mmoja niliyekaa naye alianza kwa kufungua makala ya zamani, akainakili yote, akafuta maandishi, akaandika mapya juu yake. Hakuwahi kuonyeshwa kiolezo, basi alijitengenezea chake. Vichwa vidogo alivikoleza wino na kuvikuza badala ya kuvitia alama ya kichwa, hivyo programu ya kusoma skrini inayotumiwa na asiyeona isingevitambua. Tarehe ya tukio aliiandika ndani ya aya: "Jumamosi ijayo saa nne". Kisha akatafuta mahali pa kuweka picha ya makala. Palikuwepo, lakini pamefunikwa na visanduku vitatu vya programu-jalizi ya SEO (ya kusaidia kurasa zionekane kwenye injini za utafutaji), kimoja kikiwa na bango la kumwuzia toleo la kulipia. Kila aliposita niliandika mstari kwenye karatasi. Karatasi ilijaa pande zote mbili.

Kila mstari wa karatasi ile ulikuwa na dawa yake, na dawa nyingi hazikuhitaji msimbo.

Kunakili makala ya zamani kulikoma tulipotengeneza ruwaza za bloku (block patterns; bloku ni vipande vinavyounda ukurasa), ambazo WordPress inazo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020: mhariri anachagua "Taarifa ya tukio" na muundo wote unakuja tupu, ukimsubiri ajaze. Bloku zisizotakiwa kusogezwa unazifunga. Visanduku vya SEO vilihamishiwa chini, na kwa wasiovihitaji vikafichwa kabisa. Picha kubwa mno zilijitatua zenyewe kwa kiasi, maana tangu toleo la 5.3 WordPress hupunguza picha inayozidi pikseli 2560, ingawa mhariri bado anastahili kuelezwa kwa nini picha ya simu haifai kupandishwa ilivyo.

Tarehe ya tukio ndiyo iliyotaka kufikiri zaidi. Maandishi ndani ya aya hayawezi kupangwa, kuchujwa wala kuonyeshwa upya mahali pengine. Tulitengeneza aina mpya ya maudhui, "Tukio", yenye visanduku vyake: tarehe, mahali, mhusika. Drupal ina visanduku vya namna hii kwenye kiini chake tangu toleo la 7, na Joomla ilipata visanduku maalumu kwenye toleo la 3.7 mwaka 2017. Faida kwa mhariri inaonekana siku hiyohiyo, kwamba anajaza fomu fupi badala ya kupamba ukurasa. Faida ya kupandisha toleo huja baadaye. Maudhui yaliyokaa kwenye visanduku hayajali mandhari gani inayaonyesha. Yale yaliyojengwa kwa kijenzi-kurasa (page builder, programu-jalizi ya kupanga ukurasa kwa kuburuta vipande) cha kampuni fulani yamefungwa minyororo kwenye kijenzi hicho. Siku ukikizima, unabaki na supu ya mabano. Kama bado hujachagua njia, epuka kijenzi-kurasa kwa makala za kila siku. Kitumie kwenye ukurasa mmoja au miwili ya matangazo, basi.

Mwisho wa hatua hii, gawa majukumu. WordPress ina Msimamizi, Mhariri, Mwandishi, Mchangiaji na Msajiliwa, na katika tovuti nyingi nilizoziona kila mtu ni Msimamizi kwa sababu ilikuwa rahisi siku ile ya kwanza. Mshushe mwandishi kuwa Mwandishi. Menyu yake itapungua papo hapo, bila programu-jalizi yoyote ya "kusafisha dashibodi", na hataweza kubofya kile kiduara chekundu. Kila mtumiaji pia anaweza kuchagua lugha ya dashibodi kwenye wasifu wake tangu toleo la 4.7, kwa hiyo wawili wanaweza kufanya kazi kwenye tovuti moja kwa lugha mbili.

Hatua ya 5: Bekapu uliyoijaribu

Kila mtu anasema ana bekapu. Muulize aliirudisha lini mara ya mwisho.

Niliwahi kuwa na hati ndogo iliyonitumia barua pepe kila usiku: "Bekapu imekamilika." Ilikuwa hivi, mysqldump ikinakili hifadhidata na gzip ikibana kinachotoka:

mysqldump tovuti | gzip > bekapu.sql.gz

Siku niliyoihitaji nikakuta faili ina baiti 20. Siyo kilobaiti, baiti. Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, mysqldump ikawa inashindwa kila usiku, na gzip ikawa inabana hewa tupu na kutangaza ushindi. Gzip ikibana kitu kisichokuwapo inatoa faili ya baiti 20 hasa. Hati iliuliza tu kama amri ya mwisho kwenye mfereji (amri zilizounganishwa kwa alama ya |) imefaulu, na amri ya mwisho ilikuwa gzip.

Kama unatumia bash, anza hati yako kwa set -o pipefail, ili kushindwa kwa amri yoyote kwenye mfereji kuhesabike. Kisha angalia mkia wa faili:

zcat bekapu.sql.gz | tail -n 1

Bekapu nzima ya mysqldump humalizika na mstari wa "Dump completed". Usipouona, imekatika njiani.

Usisahau faili: folda ya uploads, mandhari-mtoto, mu-plugins na wp-config.php. Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya seva hiyo. Bekapu iliyokaa kwenye diski ileile ya tovuti itakufa pamoja nayo.

Hatua ya 6: Tovuti ya majaribio

Njia nzuri ya kuijaribu bekapu ni kuifufua mahali pengine, na ukishaifufua umepata tovuti ya majaribio bila kazi ya ziada. Watoa huduma wengi wa seva wana kitufe cha kutengeneza nakala. Kama huna, pakia bekapu kwenye kikoa kidogo kisha ubadilishe anwani ndani ya hifadhidata.

Hapo usitumie kihariri cha maandishi kubadilisha anwani kwenye faili ya SQL, yaani ile nakala ya hifadhidata. PHP huhifadhi mipangilio mingi ikiwa na hesabu ya urefu wa kila neno:

s:19:"https://example.com"

Ukibadilisha anwani iwe https://jaribio.example.com, herufi ni 27 lakini namba bado inasema 19. PHP inakataa kuusoma mstari mzima, na mipangilio ya vijisehemu (widgets) au ya mandhari inatoweka bila ujumbe wowote. WP-CLI inafungua data hiyo, inabadilisha, inahesabu upya:

wp search-replace 'https://example.com' 'https://jaribio.example.com' --skip-columns=guid --dry-run

Ridhika na idadi inayoonyeshwa, ndipo uondoe --dry-run.

Mambo matatu yafanywe kabla ya kuendelea, kwa sababu nakala haijui kuwa ni nakala. Zuia barua pepe, la sivyo wateja halisi watapokea vikumbusho kutoka tovuti ya majaribio. Weka malipo kwenye hali ya jaribio. Na uiwekee nenosiri la seva, ili injini za utafutaji zisiiingize.

Hatua ya 7: Siku ya kupandisha

Soma namba kwanza, lakini ujue namba hazina maana moja kila mahali. Drupal tangu toleo la 8 hufuata mpangilio ambamo namba ya kwanza ikibadilika, utangamano unaweza kuvunjika. WordPress haifanyi hivyo: 6.0 ilikuja baada ya 5.9 kama 5.9 ilivyokuja baada ya 5.8, na uzito wake haukutokana na ile sifuri. Ndiyo maana 5.0 ya Desemba 2018, iliyoleta kihariri cha bloku, iliwashangaza waliotegemea namba. Soma maelezo ya toleo lenyewe.

Drupal wanastahili pongezi hapa. Kuhama kutoka Drupal 7 kwenda 8 kulikuwa kuhamisha nyumba: unajenga mpya, unabeba maudhui. Wengi hawakuhama, na Drupal 7 iliendelea kuhudumiwa hadi Januari 2025, miaka 14 tangu itoke. Walipotengeneza Drupal 9 mwaka 2020 walibadili mtindo. 9.0 ilikuwa karibu sawa na toleo la mwisho la 8, isipokuwa msimbo uliokwisha kutangazwa kuwa unaondolewa ulikuwa umeondolewa kweli. Moduli yako ikiwa haitoi maonyo kwenye toleo la sasa, ina nafasi kubwa ya kuvuka. Moduli ya Upgrade Status inakuonyesha maonyo hayo mapema. Joomla nao walitoa 3.10 siku moja na 4.0, Agosti 2021, ili 3.10 iwe daraja lenye kikaguzi cha viendelezi.

Anza na PHP, kwenye tovuti ya majaribio. PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, na bado utaikuta. Ugumu wa kwenda 8 ni kwamba baadhi ya mambo yalibadilika kimyakimya. Kwenye PHP 7, 0 == "jina" ni kweli; kwenye PHP 8 si kweli. Programu-jalizi ya zamani iliyotegemea hilo haitoi kosa, inatoa tu jibu tofauti. Kwa hiyo usiridhike na kuona ukurasa umefunguka.

Baada ya PHP, sasisha programu-jalizi moja moja, kisha mandhari, kisha kiini. Wapo wanaoanza na kiini. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kitufe cha "Sasisha zote", kwa sababu kikivunja kitu hujui nani kavunja.

wp db export kabla.sql
wp plugin list --update=available
wp plugin update jina-lake
wp core update
wp core update-db

Kwa Drupal iliyosimikwa kwa Composer (zana ya kupakua vifurushi vya PHP), ukiwa na drush, ambayo kwa Drupal ni kama WP-CLI:

drush config:export
composer update "drupal/core-*" --with-all-dependencies
drush updatedb
drush cache:rebuild

Kisha pitia njia ambazo watu hupita kweli: ingia, toka, tafuta neno, jaza fomu na uone barua pepe imenaswa, pandisha picha, chapisha makala ukitumia akaunti ya Mwandishi, si yako ya Msimamizi. Soma logi ya makosa ya PHP hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Yakipita yote, rudia mpangilio uleule kwenye tovuti halisi, muda ambao wasomaji ni wachache na wewe huna safari.

Marekebisho ya usalama yasisubiri mpangilio huu mrefu. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal 7 ilitoa marekebisho ya tundu la SQL, na baadaye timu yao ya usalama ikasema tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 ichukuliwe kuwa imeshaingiliwa. Saa saba, pengine umelala. WordPress hujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo tangu 3.7 ya mwaka 2013. Ukikuta mtu amezima hilo, liwashe. Kwa programu-jalizi, washa usasishaji wa otomatiki kwa zile unazoziamini, na toleo la 6.6 na kuendelea litairudisha programu-jalizi ya awali ikiwa mpya inaleta kosa la kuangusha tovuti.

Hatua ya 8: Ikivunjika

Ujumbe kwamba tovuti iko kwenye matengenezo mafupi, usioondoka, maana yake usasishaji ulikatika katikati. Futa faili ya .maintenance kwenye folda kuu, kisha urudie usasishaji.

Ukurasa wa kosa: angalia barua pepe ya msimamizi. Tangu 5.2 WordPress hutuma kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji, na hutaja programu-jalizi iliyokosea. Kama anwani hiyo ni ya mtu aliyeondoka, umelijua tatizo lingine la kurekebisha leo. Bila barua, badili jina la folda ya programu-jalizi unayoishuku, itajizima. Hujui ipi? Weka mistari hii kwenye wp-config.php usome wp-content/debug.log:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Ukiamua kurudi nyuma, rudisha faili na hifadhidata kwa pamoja. Msimbo wa zamani juu ya majedwali yaliyokwisha kubadilishwa unaweza kufanya kazi siku mbili kisha ukaanza kuharibu data polepole, na hilo ni baya kuliko ukurasa mweupe. Kabla ya kurudisha hifadhidata, hifadhi kando maoni na oda zilizoingia tangu ulipochukua bekapu.

Hatua ya 9: Daftari na mradi wenyewe

Weka faili moja ya maandishi kwenye Git, uandike kila usasishaji. Langu lina sura hii:

Jumanne. Fomu 4.1 kwenda 4.2. Kitufe cha kutuma kilipoteza rangi. Rangi imewekwa kwenye mandhari-mtoto. Bekapu imekaguliwa, mstari wa mwisho upo. Dakika 25.

Hizo dakika zina kazi. Mkubwa akiuliza kwa nini utenge muda kila mwezi, unamwonyesha jumla ya dakika za miezi sita kando ya ile siku nzima iliyopotea kabla hujaanza.

Ukikutana na kosa ambalo si lako, lipeleke kwenye mradi: toleo la mfumo, toleo la PHP, hatua za kulirudia kwenye tovuti tupu isiyo na programu-jalizi nyingine, na kilichotarajiwa. Ripoti yenye hatua za kulirudia hushughulikiwa mapema kuliko yenye hasira. Na kama una kiraka, kitume badala ya kukibeba mwenyewe. Kiraka kilichopokelewa kinakuja na toleo lijalo, na mstari mmoja unafutika kwenye ziada.php.